Namna ya Kumvisha Kiboko Miwani: Mwongozo kwa Mtunzi wa Hadithi za Watoto wa Katavi

Umeamua kuwaandikia watoto wa Mpanda hadithi ya ajabu, yenye wanyama marafiki na mitambo ambayo haijapata kuonekana. Hongera sana. Kazi ya kwanza ni kuaga wageni. Joka linalotema moto lipe likizo. Roboti iliyoshuka kutoka nyotani irudi kwao. Pengwini, ambaye mtoto wa Kawajense amekutana naye vitabuni mara nyingi kuliko alivyokutana na nyati, mshukuru, mfungie nauli na umsindikize stesheni. Wote hao ni wema, lakini wamekalia viti vya wenyeji muda mrefu. Sasa fungua daftari na uandike jina la mwenyeji wa kwanza: kiboko.

Kiboko hana safari ndefu ya kufika kwenye hadithi yako. Kutoka Mpanda mjini kushuka kusini hadi Sitalike ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na baadaye kupanuliwa hadi kilometa za mraba 4,471. Kiangazi kikikaza, Ziwa Katavi na Ziwa Chada hubaki nyasi na tope lililopasuka. Mto Katuma nao husinyaa hadi kuwa madimbwi, na viboko kwa mamia hubanana humo kama abiria wa basi la mwisho, huyu kidevu juu ya mgongo wa yule, wakikoroma na kugombana. Nenda Ikuu, humo hifadhini, mwezi Septemba utazame. Mtunzi ambaye hajasikia harufu ya dimbwi lile asiandike kwanza.

Mtunzi mwenye haraka, akiona kiboko anazama na kuibuka, atataka kumtengenezea miwani ya kuogelea kwa vitako viwili vya chupa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Kiboko ataikataa kwa heshima, kwa kuwa anayo. Jicho lake lina utando angavu unaolifunika akiwa chini ya maji, na bado anaona. Mpe basi vizibo vya pua? Anavyo: matundu ya pua hujifunga yenyewe, na masikio pia. Mafuta ya kujikinga na jua? Ngozi yake hutoa ute mwekundu unaozuia miale ya jua na kupambana na vijidudu. Saa ya kumwamsha apande kuvuta pumzi? Hulala majini, mwili ukapanda wenyewe, ukapumua, ukashuka tena, na mwenyewe yumo usingizini. Hata boya halimfai, maana haogelei kama tunavyodhani: hutembea chini, juu ya tope, kwa miguu yake minne.

Basi hii ndiyo kanuni ninayoisimamia kuliko zote katika mwongozo huu: kabla hujambunia mnyama kifaa, kamchunguze kama hana tayari. Hadithi nyingi za mitambo huchosha kwa sababu mtunzi amempa ndege injini na samaki propela. Mtoto anayejua mnyama halisi huona mara moja kwamba umempunguzia badala ya kumwongezea.

Ukishajua alichonacho, tafuta kinachoweza kuunganishwa nacho. Kiboko akijisaidia, huzungusha mkia kwa kasi na kutawanya kila kitu pande zote. Darasa zima litaanguka kwa kicheko hapo, nawe usiwazuie. Huo mkia ni mtambo uliokamilika. Unachokosa ni mwelekeo. Sasa mwingize msichana wa Makanyagio ambaye bustani ya mchicha ya bibi yake imegoma kuota. Anachukua bati kuukuu, magurudumu mawili ya guta na kamba ya katani, anaunda ngao ya kuelekeza samadi upande mmoja tu. Mimi ningeuita mtambo huo Mwagasamadi Namba Moja. Jaribio lifanyike alfajiri, na mazungumzo yawe mafupi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyo nyuma yako ni nani?"

"Mgeni, bibi. Amekuja na samadi yake."

"Mgeni hakaribishwi mlangoni akiwa amegeuza mgongo. Mwambie ageuke."

"Bibi, akigeuka tumekwisha."

Usisahau malipo. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na huweza kula nyasi kilo 40 hivi hadi kupambazuka. Mruhusu basi alale kwenye uwanja wa shule usiku mmoja. Asubuhi wanafunzi wanafika na mafyekeo yao na hakuna cha kufyeka. Huyo atakuwa shujaa wa shule nzima kabla hujafika ukurasa wa kumi.

Na hapa nasema bila mzaha wowote. Watoto wa Sitalike wanaishi jirani na viboko wenye meno, wenye uzito unaozidi tani moja, wanaoua watu. Mpaka kati ya hadithi na mto lazima uonekane, na mtoto wa darasa la kwanza aukumbuke. Mimi hupendekeza sheria moja, itamkwe na kiboko mwenyewe mwanzoni kabisa: mnyama wa hadithi husalimia kwanza, tena kwa Kiswahili. Kiboko, mamba au tembo ambaye hajakupa salamu siye yule, na ukimwona unarudi ulikotoka, unamwita mtu mzima. Irudie sheria hiyo mara tatu kitabuni, kila mara kwa namna ya kuchekesha, mpaka watoto waimalizie wenyewe.

Rafiki wa pili awe panya buku. Kwake huhitaji kubuni mengi, na ninakusihi usibuni, kwa sababu yaliyotokea kweli yanatosha. Huyu ni yule anayewaibia wakulima karanga na kuzisomba kwenye vifuko vya mashavu yake. Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya hawa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na pia kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Panya ni mwepesi, bomu haliwezi kulipuka kwa uzito wake. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kupata heshima hiyo. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022 akiwa mzee wa heshima.

Kuna jingine ambalo watoto wataling'ang'ania. Morogoro huko huko wamekuwepo panya wanaovaa begi dogo mgongoni, lenye kamera na kifaa cha mawasiliano. Wanafundishwa kupenya kwenye kifusi cha jengo lililoanguka. Panya akimkuta mtu, huvuta kijimpira kilichofungwa shingoni mwake, waliobaki nje wakapata ishara. Akisikia mlio wa kumwita, hurudi kuchukua ujira wake. Tazama uvumbuzi huo ulivyokaa. Panya ana pua lakini hana sauti ya kutueleza alichonusa. Binadamu ana redio lakini pua yake haimpeleki mbali. Begi limekaa kati ya upungufu huu na ule. Kila mtambo utakaouweka kitabuni uupime kwa begi hilo: unaunganisha nani na nani, na kila mmoja anakosa nini?

Mpe panya wako kazi ya Mpanda. Mji huu ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ililetwa kutoka Kaliua, kilometa zaidi ya 200 za msitu, ili kuyasomba. Machimbo yakafungwa, reli ikabaki na abiria wake. Mashimo ya kale ni mahali pazuri pa mbuzi wa hadithi kupotelea. Panya anaingia na begi lake, mlio unasikika, watoto wanavuta kamba, mbuzi anatoka akitafuna daftari la mtu. Ujira wa panya ni ndizi, na asipopewa papo hapo anavua begi na kukaa juu yake. Hilo la pili nimelibuni. La ndizi ni la kweli.

Kwa rafiki wa tatu, panda kuelekea Inyonga, wilaya ya Mlele, kwenye misitu ya miombo na watu wa asali. Huko kuna mlembe, ndege mdogo wa rangi ya vumbi ambaye humwita mtu, humtangulia mti kwa mti, na kumpeleka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Ana ramani lakini hana shoka wala moshi. Mtu ana shoka na moshi lakini hajui nyuki waliko. Wanapofika, mtu huchukua asali na ndege hula nta, chakula ambacho viumbe wachache sana wanaweza kukimeng'enya. Huko Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao wana mlio maalumu wa kumwita ndege huyu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba anayeutoa mlio huo huongozwa na ndege karibu mara mbili zaidi ya asiyeutoa. Kwa hiyo mazungumzo ya mtu na ndege, ambayo mtunzi mwingine angeyaona ni njozi, yapo na yamepimwa. Kazi yako ni kuandika tu wanachoambiana. Mimi ningemfanya mlembe mropokaji, anayejua habari za kila mti na asiyefika asali kabla ya kumaliza umbea.

Uvumbuzi wa sehemu hii ni mzinga. Wazee wengi hutengeneza mizinga ya magome, mizuri na myepesi kubeba, lakini mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa. Mpe mhusika wako tatizo hilo bila kumlaumu babu yake: atengeneze mzinga ambao nyuki wataupenda na mti utabaki hai. Babu aseme, "Nyuki hawaingii kwenye sanduku, mwanangu," kisha sura nzima ifuate wakijaribu, kwa nta, kwa majani yenye harufu, kwa kuimba. Nyuki wachelewe sana kuingia. Watoto wanajua kungoja kulivyo.

Tembo na nyuki pita nao upesi, lakini usiwaruke. Tembo, kwa ukubwa wake wote, humkimbia nyuki, na watafiti nchini Kenya waliigeuza hofu hiyo kuwa ua. Kule Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, mizinga hutundikwa kila baada ya meta 10 kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga yote hutikisika na wenyewe hutoka kuuliza kulikoni. Mahindi ya vijiji vilivyopakana na hifadhi yetu yanahitaji ua wa namna hiyo hata nje ya hadithi.

Sasa adui. Kila hadithi ya Katavi inamhitaji mmoja, na yupo: mbung'o. Anafukuza gari, anauma juu ya shati, anapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake ni vitambaa vya rangi hizo vilivyotiwa dawa. Mvalishe basi mjomba anayetoka mjini suti ya bluu. Nchi nzima ya mbung'o itamfuata kutoka Sitalike hadi Ikuu, naye atadhani anasindikizwa kwa heshima.

Lakini usimwache mbung'o akiwa mwovu tu, maana ana siri. Jike lake halitagi mayai mamia na kuyatupa kama nzi wengine. Hulea mtoto mmoja tu kwa wakati, ndani ya tumbo lake, na kumlisha majimaji yanayofanya kazi ya maziwa, mpaka anapomzaa akiwa amenenepa. Mtoto wa darasa la tatu akijua hilo, hatampenda mbung'o, na asimpende, kwa kuwa analeta malale. Atamtazama tu kwa jicho jingine. Sura ambayo adui anasema, "Na mimi nina mtoto nyumbani," ni sura ngumu kuiandika vizuri. Iandike upya mpaka isilie machozi mengi wala isichekeshe kupita kiasi.

Kuhusu vifaa vya mitambo, sheria ni kali. Tumia kilichoanguka sakafuni kwa fundi baiskeli wa soko la Buzogwe au popote penye fundi: spoki, mnyororo uliolegea, tyubu, boliti isiyo na mwenzake, vizibo vya soda, betri za redio zilizoanikwa juani zipate nguvu kidogo. Magurudumu yakatwe kwenye kandambili zilizokatika. Watoto wa Tanzania wameunda magari ya waya kwa vifaa hivyo tangu zamani, yenye usukani mrefu wa kuendesha ukiwa umesimama, na baadhi yana taa na springi. Hao ndio wavumbuzi wako. Wewe ni karani wao. Usiwape kioo cha kichawi kinachotimiza kila wanachotaka. Mtambo uharibike angalau mara mbili, na uharibike kwa sababu inayoeleweka: mnyororo umevuka gia, kamba imelowa, kiboko ameketi juu yake.

Na kama unataka njozi ya historia, Katavi inayo moja inayonifanya nikose usingizi kwa furaha na kwa huzuni. Mwaka 1879 tembo 4 waliofugwa waliletwa kwa meli kutoka India, wakateremshwa Msasani, Dar es Salaam. Safari ilikuwa ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyetaka kujua kama tembo wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi, na kama tembo wa huku wanaweza kufundishwa. Walitembea bara hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani humu humu. Watatu walifia njiani; aliyefika ni jike mmoja, aliyeitwa Pulmalla, naye hakuishi muda mrefu. Mzungu aliyewaongoza, Carter, aliuawa mwaka uliofuata.

Historia ilimwacha Pulmalla afe; hadithi inaweza kumwacha aishi. Mlete Karema akiwa amechoka, amebeba mizigo ya mfalme ambaye hajapata kumwona. Usiku asikie ngurumo za chini chini za tembo wa Katavi, lugha ambayo haijui vizuri lakini inamwingia miguuni kupitia ardhi. Yeye anajua amri za binadamu, wao wanajua njia za maji. Mlembe awe mkalimani, na tafsiri yake iwe na makosa ya kuchekesha. Watoto watatu wavumbue kitu cha kumvua ule mzigo mgongoni. Hapo una kitabu kizima, na sijaona bado aliyekiandika.

Jambo moja usiliguse kwa mikono michafu. Jina la hifadhi linatokana na Katabi, mwindaji wa kale wa Wabende, ambaye roho yake inaaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu huacha sadaka chini ya mti huo. Usimfanye kikaragosi cha kuruka na ungo. Wahusika wako wapite hapo, waache kidogo walichonacho, mtambo usukumwe polepole bila kelele, na hata mropokaji mlembe anyamaze kwa aya moja. Ukitaka kusema zaidi, kawaulize wazee wa Kibende, uwasikilize mpaka mwisho.

Darasa moja la Mpanda lina Mbende, Mpimbwe, Mkonongo, Mfipa, Msukuma na mtoto wa Katumba ambaye babu yake alikuja kutoka Burundi mwaka 1972. Kila mmoja amekuja na sungura wake wa nyumbani. Waachie nafasi wote wabishane kitabuni ni sungura yupi mjanja, na wewe usitoe hukumu.

Ukimaliza, usimpe mhariri kwanza. Nenda shule yoyote ya msingi, omba kipindi kimoja cha darasa la tatu, soma kwa sauti, halafu nyamaza. Watauliza mambo. Panya alilipwa ndizi mbivu au mbichi? Ngao ya bati ilifungwa kwa boliti ngapi? Kwa nini mbung'o hakumuuma kiboko? Usijibu kwa kukisia. Andika kila swali, rudi nyumbani, tafuta jibu, rekebisha sura. Rudi tena shuleni. Siku utakapowaona wanainama njiani kuokota vizibo vya soda na vipande vya waya, wakibishana nani atashika usukani, kitabu kiko tayari kwenda kwa mchapaji.